Mhariri, mmemsahau rubani asiye na miguu

Mhariri salaam, ile stori yenu ya marubani wa vita kuu ya pili nimeisoma yote mpaka chai ikapoa, ila sijaelewa mmemwachaje Douglas Bader. Huyu Mwingereza alipoteza miguu yote miwili Desemba 1931, alikuwa anafanya madoido na ndege chini chini kule uwanja wa ndege wa Woodley, Uingereza, bawa likagusa ardhi, kwisha habari. 1933 jeshi likamstaafisha akaenda kukaa ofisini kwenye kampuni ya mafuta. Vita ilipoanza 1939 akang'ang'ana mpaka wakamrudisha, na miguu yake ya bandia hivyohivyo, akarusha ndege za kivita Spitfire na Hurricane, akapata nishani za kijeshi za Uingereza, DSO na DFC, kila moja mara mbili.

Sasa patamu ni Agosti 1941. Ndege imeharibika juu ya Ufaransa, anataka kuruka, mguu wa kulia umenasa ndani hautoki, mikanda ya huo mguu wa bandia ikakatika ndo akachomoka na parachuti, mguu kauacha! Wajerumani wakauokota kwenye mabaki wakamtengenezea, naye shukrani yake akafunga mashuka akatoroka na dirisha la hospitali (walimkamata bwana). Baadaye wakamfungia ngome ya Colditz, gereza la mateka wa vita kule Ujerumani, mpaka 1945.

Alikuwa mjeuri, hilo sifichi. Ila 1976 malkia wa Uingereza alimpa heshima ya kuitwa "Sir" kwa kazi yake na walemavu, na mimi mwenye mguu mmoja wa bandia lifti ya kazini ikiharibika huwa namkumbuka yeye, ghorofa ya tatu, jasho linanitoka.

Msomaji wenu, Tanga