Shukrani kwa kijana wa Kijiji cha Makumbusho

Kaka, jina lako sikulipata, maana ngoma ilipoanza tu ukapotelea kwenye umati. Natumaini ujumbe huu utakufikia.

Ni wewe uliyemsaidia mama yangu Jumamosi iliyopita, pale Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, penye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Tulikwenda kwa ajili ya ngoma. Tembe la Wagogo, ile nyumba ya paa bapa la udongo, tulilipita haraka, kwa sababu mama alikuwa na hamu ya msonge wa Wahaya, nyumba ya duara ya nyasi. Magoti yanamsumbua, na jua la Dar unalijua. Ulimletea kiti cha plastiki hadi mlangoni, ukamshika mkono akainama kuingia, kisha ukafanya jambo ambalo sikulitegemea: ukamwomba akufundishe. Mama akachangamka! Akaonyesha ng'ombe walilala upande gani, moto uliwaka wapi, nyasi zilitandikwa vipi sakafuni. Watoto wa shule waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza, wengine wakakaa chini kabisa. Vibao vya maelezo vinasaidia, sikatai, ila havicheki wala haviulizwi swali.

Kijiji hiki kilianzishwa mwaka 1966 ili kutunza ujenzi wa asili wa makabila yetu. Waliokulia ndani ya nyumba kama zile bado wapo, na wengi huja pale kama wageni tu. Wewe ulimpokea mama kama mwenyeji.

Hata soda ulikataa. Basi Mungu akubariki. Mama anakusalimu sana, na anasema ukifika kwetu utakula ndizi na senene, wale panzi watamu wa kwetu.