MALALAMIKO: Daktari wenu kanikatia vidio kisa niko Florida

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Naandika Kiswahili makusudi, tangazo lenu lililonivuta lilikuwa la Kiswahili na mkalimani mnaye, basi na hii mumpe awasomee.

Mkataba mnaujua: nawalipa kila mwezi, madaktari wenu wanatutibu madereva wa lori kwa vidio. Jumanne usiku nimepaki lori Jacksonville, kichwa kinapasuka, presha 182 kwa 114, dawa zimeisha tangu juzi yake. Nimesubiri kwenye vidio dakika 40. Daktari katokea, kitu cha kwanza uko jimbo gani, nikasema ukweli niko Florida, akasema samahani leseni yangu ni ya Texas tu, skrini nyeusi. Asubuhi naamka dola 79 zimeshakatwa.

Daktari simlaumu sana, najua sheria inaangalia mgonjwa yuko wapi saa hiyo, siyo anakokaa. Lakini nyie ofisini? 2020 wakati wa korona majimbo yalitoa vibali vya muda kwa madaktari wa majimbo mengine, mkanitibu niko Alabama, mkanitibu niko Louisiana, hakuna shida. Vibali vikaisha, sawa, mbona hamkutuma hata meseji moja? Pesa ya kila mwezi hamjawahi kuisahau hata siku moja! Na hiyo Florida yenyewe tangu 2019 ina sheria ya kumsajili daktari wa jimbo lingine atibu kwa vidio bila kuchukua leseni nzima ya kwao. Mimi dereva nimelijua hilo, nyie kampuni ya matibabu hamjui? Mnajua mnauza huduma kwa madereva wa barabara kuu ya I-10, Houston mpaka Jacksonville ni majimbo matano, sasa mlidhani tutaumwa Texas tu?

Narudia tena maana kastoma kea wenu alinijibu kama vile nilibonyeza vibaya. Nilikuwa nimeinua mashine ya presha kwenye kamera nimwonyeshe namba. Mkono bado uko juu, yeye kashaondoka, nimebaki najiona sura yangu mwenyewe kwenye simu, ndani ya kebini, saa tano usiku. Hakusema nenda emajensi, hakusema piga 911, hakuna. Ningedanganya niko Houston ningeandikiwa dawa dakika ileile, yaani mkweli ndo kaumia. Kesho yake nimelipa kliniki ya watu mfukoni, risiti ninayo.

Mwanzo nilitaka 79 zangu tu yaishe. Baada ya yale majibu ya kastoma kea hapana, nataka na hela ya kliniki, na ada zote mlizonikata tangu vibali viishe bila kuniambia, na orodha ya madaktari wenu na majimbo wanayoruhusiwa, kwa maandishi. Siku 14. Zikipita napeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa Texas, na grupu letu la madereva wanaisubiri hii barua kwa hamu.

Picha ya mashine nilipiga usiku uleule, saa na tarehe vinaonekana.

Mteja wenu, kwa sasa