Pasi ndefu si kazi ya mkono peke yake

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa michezo anadai kwamba pasi ndefu katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani inatokana na nguvu za mkono wa kwotabeki, yaani mchezaji anayerusha mpira. Sikubaliani naye. Joe Burrow, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Louisiana State (LSU), alirusha pasi 60 za tachidauni (bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja) msimu wa 2019, na sifa yake kubwa ilikuwa shabaha. Zaidi ya hayo, safu iliyomkinga ndiyo iliyotunukiwa tuzo ya Joe Moore, ya safu bora ya mbele ya ushambuliaji vyuoni, mwaka ule, kwa hiyo alipata muda wa kungoja wenzake wafike mbali.

Mimi namwangalia sefti, yaani beki wa mwisho kabisa. Akikosea hatua mbili, basi.

Chukua fainali ya ubingwa wa vyuo ya Januari 8, 2018, Alabama na Georgia, muda wa nyongeza. Tua Tagovailoa, kwotabeki wa Alabama, alikuwa ametoka kuangushwa na kupoteza yadi 16, zikabaki yadi 26 za kusogea ili timu ipate nafasi mpya za kushambulia. Wapokeaji wakachomoka mbele moja kwa moja. Tagovailoa akatazama kulia kwanza, sefti akababaika, kisha mpira ukaenda kushoto kwa mpokeaji DeVonta Smith. Tachidauni ya yadi 41, Alabama ikashinda 26–23. Sefti alipofika, Smith alishapita.

Kuna na sheria, ambazo makala haikuzigusa hata kidogo. Uwanja una upana wa futi 160, iwe chuoni au NFL, ligi ya kulipwa. Lakini mistari ya katikati inayoamua mpira uanzie wapi imeachana futi 18 na nusu tu kwenye NFL. Vyuoni ni futi 40. Mpira ukiwekwa kwenye mmoja wa mistari hiyo, upande mmoja unabaki na futi 60 na mwingine futi 100. Nani atazilinda futi 100 peke yake? Halafu wale wanene wa mstari wa mbele wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 kabla ya pasi, wakati NFL ni yadi 1. Sefti akiwaona wanakuja anadhani mpira utakimbizwa kwa miguu badala ya kurushwa, anapanda kuzuia, na mpira unampita juu ya kichwa.

Josh Heupel, kocha wa Tennessee, aliyatumia haya bila huruma. Wapokeaji wa pembeni aliwasimamisha karibu kabisa na mstari wa nje, mabeki wakalazimika kuwafuata huko, katikati pakabaki peupe. Oktoba 15, 2022, mpokeaji wake Jalin Hyatt alianzia ndani, akawapita walinzi wa Alabama kwa kasi, akafunga tachidauni 5. Tennessee ilishinda 52–49. Kwotabeki wao Hendon Hooker alirusha vizuri, sibishi, ila baadhi ya pasi zile zilimkuta Hyatt hana mtu karibu.

Mkiandika tena kuhusu mchezo huu, tuwekeeni basi na mchoro wa uwanja. Picha ya kwotabeki akiinua mkono tumeshaiona vya kutosha.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio