Malalamiko kuhusu namba za miamala zinazoharibika zikifika kwenye programu za wateja

Meneja wa Huduma za Kiufundi,
Kampuni ya Malipo ya Kielektroniki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: AINA ZA DATA ZISIZOELEWANA KATI YA SEVA YENU NA PROGRAMU ZETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninatengeneza programu inayotumiwa na vikundi vya vikoba kutunza hesabu za hisa, mikopo na marejesho. Mwanachama akilipa kwa simu, seva yenu hututumia taarifa ya malipo, nasi tunaiingiza kwenye daftari la kikundi. Kazi ilikwenda vizuri mpaka mlipoongeza urefu wa namba za miamala bila kutuarifu.

Namba hizo mnazituma ndani ya JSON, yaani muundo ambao programu hutumia kupelekeana taarifa, kama namba, si kama maandishi. Programu yetu ya ofisini imeandikwa kwa lugha ya JavaScript, na katika lugha hiyo namba za kawaida ni salama hadi 9007199254740991 tu. Zikivuka hapo, tarakimu za mwisho huanza kukadiriwa. Muamala wenye namba 9007199254740993, kwa mfano, husomwa kuwa 9007199254740992, na hakuna kosa lolote linaloonekana kwenye skrini. Sasa chukulia kwamba namba hiyo ya pili nayo ipo, na ni ya malipo ya mtu mwingine. Hifadhidata inaikuta imekwisha kuandikwa, inadhani taarifa imejirudia, inaikataa. Ndivyo yalivyopotea kwenye daftari malipo ya mama aliyeleta marejesho yake kwa wakati. Akasomwa mbele ya wenzake kuwa ana deni, akatozwa faini, na huku ujumbe wa malipo anao kwenye simu.

Kibaya zaidi, programu yetu ya simu imeandikwa kwa lugha ya Kotlin na inasoma namba ileile kama Long, aina ya namba nzima yenye nafasi hadi 9223372036854775807, kwa hiyo yenyewe haikosei. Mweka hazina akitazama simu anaona namba moja. Katibu akitazama kompyuta anaona nyingine. Watu waliowekeana fedha kwa miaka wakaanza kutiliana shaka, kila mmoja akiamini mwenzake amegusa hesabu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hasara yenyewe.

Nilipolifikisha kwenu, dawati la msaada lilijibu kwamba kosa ni la upande wetu na tutumie BigInt, aina ya namba isiyo na kikomo hicho. Jibu hilo silikubali. BigInt imo kwenye JavaScript tangu 2020, lakini kwa matumizi ya kawaida ya JSON.parse, amri ya JavaScript ya kusoma JSON, namba inakuwa imeshageuzwa kabla msimbo wetu haujaigusa, na tarakimu zikishapotea BigInt haizirudishi. Tumelazimika kuweka kisomaji kingine kinachoichukua namba kama maandishi, na mfumo wetu sasa unasoma sawasawa. Lakini hicho ni kiraka chetu peke yetu. Kila anayeunganisha programu ya JavaScript na huduma yenu atapita tundu lilelile.

Dawa yake inajulikana siku nyingi. RFC 8259 ya mwaka 2017, hati ya kiwango cha intaneti inayoeleza JSON, inataja mipaka ambayo ndani yake programu zinaweza kukubaliana juu ya namba nzima, na ni hiyohiyo niliyoitaja hapo juu. Twitter walikutana na jambo hili mwaka 2010, wakaongeza uga (nafasi ya taarifa yenye jina lake) wa id_str wenye namba ileile kwa maandishi, na ule wa zamani wakauacha ili programu zilizokuwapo zisivunjike. Protocol Buffers, muundo wa Google wa kupelekeana data, nayo, inapoandika namba za biti 64 kwenye JSON, huziweka ndani ya alama za nukuu. Namba ya muamala haijumlishwi na kitu wala haizidishwi. Ni jina la muamala, iandikwe kama jina.

Yapo na mengine ya ukoo huohuo. Kikundi kikiwa na miamala kadhaa mnatuma orodha, ukiwa mmoja orodha inatoweka na muamala unakuja peke yake, programu inaanguka. Kiasi huja mara kama namba 15000, mara kama maandishi "15,000.00". Namba ya simu inayoanza na sifuri hufika bila sifuri. Na muda mnaotuma hausemi ni saa za wapi: programu ikiusoma kama UTC, saa rasmi ya dunia, na kuongeza saa tatu zetu, malipo ya saa tano usiku yanahesabiwa ya kesho, yaani yamechelewa.

Naomba muongeze uga wa namba ya muamala kwa maandishi na kuuacha wa sasa uendelee. Andikeni maelezo ya OpenAPI, mtindo sanifu wa kueleza huduma ya seva, yanayotaja aina ya kila uga, na majibu ya seva yenu yapimwe kwa maelezo hayo kabla hayajatufikia. Mazingira ya majaribio yatoe namba zenye urefu wa zile halisi. Hadi leo yanatoa fupi, ndiyo maana majaribio yetu yote yalipita. Mkibadilisha aina ya uga wowote, toeni toleo jipya na mtuarifu mapema.

Lisilostahili kusubiri ni hili: tupeni orodha ya miamala yetu yote tangu mlipobadilisha urefu wa namba, namba zikiwa maandishi, tuilinganishe na madaftari. Pamoja nayo, barua fupi ya Kiswahili yenye muhuri wenu, inayothibitisha kwamba malipo yaliyokataliwa yalilipwa kweli na kwa tarehe zake, ili isomwe kwenye vikundi vilivyotoza faini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtengenezaji wa programu,
kwa niaba ya vikundi vinavyoitumia.