Wauza miche ya mapapai watuambie mbegu imetoka wapi

Mhariri naomba nafasi kidogo, mimi ni mkulima wa huku Kisesa na hili jambo limenikaa rohoni tangu misimu kadhaa iliyopita.

Nilinunua miche 60 ya mapapai kwenye kitalu cha barabarani, mche buku jero, nikaambiwa yote ni mbegu moja ya kisasa, mekundu ndani, yanawahi kuzaa. Kiangazi chote nimemwagilia kwa ndoo, kuja kutoa maua nakuta 28 ni madume, yale maua madogo madogo yananing'inia kwenye vikonyo virefu, papai la kuuza hupati. Iliyobaki nayo kila mti na lake, huu mapapai ya mviringo ya njano, wa pembeni yake marefu mekundu, mwingine makubwa ila ukikata ni maji matupu. Nikarudi kwa muuzaji ananiambia eti ni udongo wangu. Jamani, udongo gani unafanya nusu ya shamba iwe madume?

Ndo nikaanza kufuatilia. Kumbe mpapai una jike na dume kama mtende au bangi, halafu kuna wa tatu wenye jinsia mbili, ndo unazaa yale marefu yanayopendwa sokoni. Jike likipata chavua ya dume, mbegu zake karibu nusu zinatoka madume, na humo ndani ya papai moja kila mbegu ina sura yake kwa sababu chavua imeletwa na mdudu au upepo, huwezi jua kwa baba gani. Na hizi haibridi, yaani mbegu chotara, kama Red Lady ya Taiwan, ukila papai lake ukapanda mbegu, watoto wanatawanyika, hawafanani na mama. Kwa hiyo mtu anakamua mbegu za papai la soko la Mirongo anaotesha anaita kwa jina lile lile, mi naona huo ni wizi hata kama hajui.

Mbona ile aina ya papai inayoitwa Solo imebaki Solo? Ilipelekwa Hawaii kutoka Barbados mwaka 1911 na mpaka leo ipo, maana ule mti wa jinsia mbili unajichavusha wenyewe. Nikajaribu, nikavika ua la mti wa jinsia mbili mfuko wa kaki jioni kabla halijafunguka, nikafunga na uzi ili chavua ya nje isiingie, papai lilipoiva nikafikicha mbegu kwenye maji mpaka ule utando ukatoka wote, nikaanika kivulini. Miche 30 ikatoa 19 jinsia mbili, 11 jike, dume hata mmoja hakuna. Hesabu yake ndo hiyo, theluthi mbili kwa theluthi moja, ndo maana ukiweka miche mitatu kila shimo ukasubiri maua halafu ukang'oa usiyoitaka, mashimo 27 labda moja tu ndo litakosa wa jinsia mbili.

Ombi langu, kila kitalu kiandike kwenye kibao mama ni mti gani, ua lilifunikwa au halikufunikwa, ni haibridi yenyewe au ni mbegu iliyokamuliwa kwenye haibridi. Na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru wako hapo tu Misungwi, watuitie siku moja watuonyeshe kuvika ua, tutakuja hata kwa baiskeli.

Mkulima wa mapapai,
Kisesa, Magu