Shangazi, huruma ya Warusi inakuja na kugombezwa

Shangazi yangu,

Shikamoo. Juzi kwenye simu uliniuliza kama ni kweli Warusi hawacheki, na kabla sijakujibu vizuri salio likakatika. Nakujibu hapa hadharani, maana wapo wengi wenye watoto wao huku wanaojiuliza hivyo hivyo.

Kumchekea mtu wasiyemjua hawana desturi hiyo. Huruma yao inakuja na kugombezwa, na nakuhakikishia wewe ungewaelewa siku ya kwanza tu. Januari nilikuwa kituoni nangoja basi, bibi mmoja nisiyemjua akaja kunisimamia mbele: "Kofia yako iko wapi?" Akanivuta kofia ya koti mpaka kwenye nyusi, akanikaza skafu, basi lake lilipofika akapanda bila hata kuaga.

Halafu kuna mambo ya makoti. Ukienda kutazama mchezo wa jukwaani, koti unaliacha mapokezi, unapewa kibao chenye namba. Koti lazima liwe na kitanzi ukosini cha kulitundikia, na cha kwangu kilikuwa kimekatika. Mama anayepokea makoti alilitazama, akanitazama, akaguna, akanisema mpaka foleni nzima ikasikia. Mchezo ulipokwisha nikakuta kitanzi kimeshonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo, imara. Nikaanza kumshukuru, akanipungia mkono nipite, watu wanangoja!

Vituko vingine utavipenda. Kwenye metro ya Moscow, treni ikielekea katikati ya mji vituo vinatangazwa na mwanamume, ikitoka kwenda nje anatangaza mwanamke. Asiyeona akisikia tu sauti anajua anakwenda wapi. Kituo cha Ploshchad Revolyutsii kuna sanamu ya shaba ya mlinzi wa mpaka na mbwa wake. Pua ya mbwa inang'aa kama dhahabu kwa kuguswa na wapita njia, hasa wanafunzi wakati wa mitihani. Nami kila nikipita naigusa.

Kiangazi maji ya moto hukatwa siku kama 10 hivi, mtaa mmoja baada ya mwingine, ili mabomba yakaguliwe. Majirani hununa kwelikweli. Mimi nachemsha sufuria, nachanganya kwenye ndoo, nachukua kopo, naoga kama tulivyokuwa tukioga kwako.

Sasa nina ombi. Nataka kumpelekea yule mama wa makoti zawadi. Maua huku humpi mtu aliye hai kwa idadi ya shufwa, hiyo ni ya msibani; lazima yawe witiri. Lakini sharti hilo ni la maua tu, kwa hiyo doti nzima ya kanga haina neno. Nichagulie wewe, yenye jina zuri, isiwe ya mafumbo, na rangi iwe nyekundu. Kuna kijana wa jirani yenu anarudi chuoni huku mwezi ujao, mpe aniletee.

Wasalimie wote nyumbani.