Mwendo wa baiskeli katika njia za reli za zamani hifadhini

Mhariri,

Makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu kuendesha baiskeli za milimani katika njia za reli za zamani zinazokatiza hifadhi za wanyamapori nchini Marekani ilinifurahisha kwa sehemu kubwa, kwa kuwa ni nadra mchezo huu kuandikiwa kwa Kiswahili na mtu anayeonekana kuupenda. Lakini ushauri mmoja uliotolewa humo, kwamba kwa vile njia hizo ni tambarare basi msomaji azitumie kupimia kasi yake, naomba niupinge. Niliwahi kufanya hivyo hivyo, na nusura niumie mimi na kiumbe ambaye hakuwa na kosa lolote.

Sikatai kwamba njia hizi zinashawishi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushika kidogo sana, hivyo mlima mkali huishinda treni nzito. Ndiyo maana wajenzi wa reli walikata vilima na kujaza mabonde ili mwinuko usizidi takriban mita 2 kwa kila mita 100, na mara nyingi ukawa chini ya hapo. Reli zikishang'olewa na mataruma kuondolewa, kinachobaki ni tuta lenye kona pana na mwinuko mpole kiasi kwamba mwendeshaji hupanda kwa kilomita kadhaa bila kujua kuwa anapanda. Hujua wakati wa kurudi, pale anapoacha kupiga pedeli na baiskeli inaendelea kuongeza mwendo kana kwamba inasukumwa.

Siku yangu hiyo ilikuwa ya mwezi Juni, katika hifadhi yenye vinamasi pande zote mbili za tuta. Nilikuwa narudi, gia iko juu, macho yangu yako kwenye kifaa cha kuonyesha mwendo badala ya njiani, nilipoona jiwe jeusi ukubwa wa sahani katikati ya changarawe. Nilipolikaribia, jiwe likanyoosha shingo. Nilishika breki zote mbili, gurudumu la mbele likateleza juu ya kokoto, nami nikaishia ubavuni mwa tuta huku usukani umenibana kiwiko. Alikuwa kobe wa majini, jike, ambaye nusu ya nyuma ya mwili wake ilikuwa ndani ya shimo alilokuwa amelichimba. Hakukimbia. Aliendelea kukwangua udongo kwa miguu ya nyuma, mguu mmoja baada ya mwingine, taratibu sana, kisha akaangusha yai jeupe, na baada ya muda la pili.

Nilikaa pale karibu nusu saa, nikapata wakati wa kujiuliza kwa nini mnyama mwenye kinamasi kizima aje kutagia katikati ya njia. Jibu lilikuwa chini ya matairi yangu. Mayai ya kobe huhitaji mahali pakavu, penye jua, penye udongo au changarawe inayopitisha maji na isiyofunikwa na miti, na ndani ya kinamasi mahali pa namna hiyo ni pachache. Tuta la reli lina sifa zote hizo, maana lilijengwa ili maji yasitulie juu yake. Kwa maneno mengine, kile kinachomfanya mwendesha baiskeli alipende tuta ndicho kinachomfanya kobe alipende pia, na kwa bahati mbaya wote wawili hulijia katika majira yale yale.

Makala yenu ilizungumza kana kwamba njia hizi ni mali ya waendesha baiskeli tangu reli zilipong'olewa. Hali ni tofauti kidogo. Tangu mwaka 1983 sheria ya Marekani inaruhusu ushoroba wa reli isiyotumika uhifadhiwe kwa matumizi ya njia ya miguu na baiskeli, kwa masharti kwamba reli inaweza kurudishwa siku ikihitajika. Kwa hiyo hata katika msingi wake wa kisheria, nyingi ya njia hizi ni kitu kilichoazimwa. Ndani ya hifadhi za taifa za wanyamapori mambo ni magumu zaidi. Sheria ya mwaka 1997 inayoongoza hifadhi hizo inataja matumizi 6 ya umma yanayopewa kipaumbele: uwindaji, uvuvi, kutazama wanyama, kuwapiga picha, elimu ya mazingira na ufafanuzi wa mazingira kwa wageni. Baiskeli haimo. Huruhusiwa pale tu msimamizi wa hifadhi anapoamua kwamba haipingani na lengo la hifadhi yenyewe, na uamuzi huo unapaswa kuangaliwa upya baada ya muda. Anayeendesha ovyo leo anaandika hoja ya kufungiwa njia kesho. (Wawindaji, kwa hiyo, wana haki iliyotajwa kwenye sheria na sisi hatuna, nakiri kuwa mara ya kwanza niliposoma hilo lilinichoma kidogo.)

Mliitaja vizuri njia ya Columbia Plateau katika jimbo la Washington, yenye urefu wa kilomita 209 hivi, iliyokuwa ya reli ya Spokane, Portland na Seattle. Hukatiza Hifadhi ya Turnbull, iliyoanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya ndege wa majini, na mwendeshaji anayepita hapo hatakiwi kutoka njiani kuingia upande wa madimbwi. Sehemu nyingine za njia hiyo bado zina kokoto kubwa za reli, na huko ndiko baiskeli ya milimani yenye tairi pana lisilojazwa upepo mpaka likawa gumu inapoonyesha faida yake. Katika jimbo la New Hampshire, njia ya Presidential hupita eneo la Pondicherry, ambako ziwa dogo la Cherry Pond liko mbele ya safu ya milima mirefu. Mahali pa namna hiyo mtu anayepima kasi hukosa kila kitu alichokifuata.

Kuhusu kasi yenyewe, hesabu ni rahisi. Kwa kilomita 30 kwa saa, baiskeli hupita zaidi ya mita 8 kila sekunde, na juu ya changarawe iliyolegea breki haiwezi kubanwa kwa nguvu bila gurudumu kuteleza. Isitoshe, baiskeli haina kelele. Mnyama husikia nyayo za mtembeaji mapema akajiondoa kwa utulivu, lakini baiskeli humfikia ghafla, naye hukurupuka. Ndege aliyelalia mayai akikurupushwa huyaacha wazi kwa baridi na kwa kunguru, na akikurupushwa na waendeshaji kumi asubuhi moja, hasara inakuwa kubwa kuliko inavyoonekana na yeyote kati ya hao kumi. Baiskeli za umeme, ambazo makala yenu ilizisifu kwa aya nzima, huongeza tatizo hilo kwa sababu humpa hata asiye na mazoezi mwendo wa mzoefu.

Naomba basi toleo lijalo likihusu njia hizi liwaambie wasomaji mambo machache ambayo hayaharibu raha yoyote: wapunguze mwendo kabla ya kila kona na kila daraja, wawashe taa wanapoingia kwenye handaki, wasimame kabisa wakikuta mnyama njiani badala ya kumzunguka kwa kupita majanini, na wasome tangazo la lango la hifadhi kabla ya kuanza, kwani baadhi ya vipande hufungwa majira ya kuzaliana. Pia picha iliyopamba ukurasa ule ilimwonyesha mwendeshaji akiwa ameshuka tutani, tairi zote mbili ndani ya matete. Kama kuna picha nyingine ya safari hiyo, tafadhali mtumie hiyo.

Msomaji wenu, mwendesha baiskeli